"Uchunguzi unaendelea": nani anamchunguza nani?

Haya ni maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana mtaani kwetu. Wengi mmeomba niyaweke hapa, basi nayaweka vile nilivyosema. Kama kawaida ya uzi huu, sitaji mwanasiasa wala chama. Ukimtaja kwenye maoni ni juu yako.

Asanteni kwa kuja. Nianze na lile lori. Linakuja usiku, linamwaga kando ya mto, asubuhi tunapata sindano, chupa za dawa na uchafu mweusi unaotiririka hadi kwenye mashamba ya sukuma. Shangazi yangu analima pale. Siku hizi mama mboga wakisikia sukuma imetoka mtoni wanapita tu. Tulipopeleka malalamiko, afisa akatujibu: "Uchunguzi unaendelea." Sawa. Unafanywa na nani?

Hapo ndipo mijadala yetu huharibika. Mmoja anasema ni kazi ya gavana, mwingine anasema ni serikali kuu, halafu watu wanatukanana hadi usiku wa manane. Na lori linakuja.

Katiba yenyewe haina utata. Jedwali la Nne linaipa kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa. NEMA, mamlaka ya kitaifa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ndiyo inayotoa leseni kwa wanaosafirisha na kutupa taka. Sasa jiulize: kama lile lori lina kandarasi ya kaunti, na wanaochunguza ni maafisa wa kaunti hiyo hiyo, si tumepeleka kesi ya nyani kwa ngedere? Sisemi lina kandarasi. Nasema hatujaonyeshwa karatasi, na anayeshikilia karatasi ndiye anayetuambia tungoje.

Lakini msidhani nikisema NEMA nimemtaja malaika. Kumbukeni Owino Uhuru kule Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichowatia watu sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na lawama ikagawanywa kati ya wenye biashara na taasisi za serikali, NEMA ikiwemo. Rufaa ikaipangua hukumu ile, na wakazi wakangoja hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipoirudisha. Yaani mlinzi mwenyewe alikuwa kwenye orodha ya washtakiwa.

Na Dandora je? Jaa lile lilianza miaka ya sabini na likatangazwa limejaa mwaka 2001. Mwaka 2021 mahakama ikaagiza lihamishwe ndani ya miezi sita. Wewe uliye Nairobi, pita hapo leo ukavute hewa.

Kwa hivyo mimi sishangilii nikisikia "kamati imeundwa". Nauliza kamati inaripoti kwa nani, na lini. Bunge la kaunti lina uwezo, chini ya kifungu cha 195, wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi, kama vile Mahakama Kuu. Mwakilishi wadi akikwambia mikono yake imefungwa, mwambie akasome hicho kifungu.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo ni ya haki: ukianika kila kitu, unaharibu uchunguzi. Kweli, majina ya mashahidi yafichwe. Lakini kandarasi? Leseni ya lori? Matokeo ya vipimo vya maji ambayo shangazi anamwagilia mboga? Hayo kuyaficha hakumsaidii mpelelezi yeyote.

Na tusijifanye watakatifu pia. Landilodi wa hapa hapa wanalipa vijana wa mkokoteni wakatupe taka huko huko mtoni, kwa sababu gari la kaunti halijaonekana wiki tatu. Najua, kwa sababu ploti ninayoishi ni mojawapo. Hilo tutaliongea bila lori kuwa kisingizio.

Barua tumeshaandika. Tunaomba vitu vitatu: nakala ya kandarasi ya uzoaji taka wadi hii, leseni za magari, na vipimo vya maji. Tunatumia kifungu cha 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayompa afisa siku 21 kujibu. Wakinyamaza, tunaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na kwenda mahakamani chini ya kifungu cha 70 si lazima kwanza uonyeshe kwamba kuna mtu ameumia.

Tunaipeleka Jumatatu saa tatu asubuhi, na tunataka igongwe muhuri wa kupokelewa, maana siku zinahesabiwa kutoka hapo. Mwenye picha ya lori inayoonyesha namba ya gari na tarehe, abaki nyuma tuongee.