Tiketi Inalipwa, Njia ya Kuifikia Hailipwi

Risala ya wanafunzi wa lugha kutoka Runzewe, iliyosomwa siku ya harambee ya mwaka

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mgeni Rasmi, wazee wetu, mama zetu, kaka na dada zetu wana-Runzewe mliofika kutoka nyumbani, Kahama, Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko,



Tunawashukuru kwa kutupa nafasi ya kusema mbele yenu. Sisi ni wanafunzi wa lugha, wasichana kwa wavulana, tunaosomea ualimu wa Kiswahili na Kiingereza katika vyuo mbalimbali nchini. Tunajua siku kama ya leo husomwa risala za madawati, visima na zahanati, na mahitaji hayo bado yapo. Tunaomba leo mtusikilize pia kwa jambo jingine: maandalizi ya kijana wa Runzewe anayetaka kwenda ng'ambo kufundisha Kiswahili huku naye akisoma.

Ndugu Mgeni Rasmi, tukirudi likizo swali la kwanza tunaloulizwa ni hili: "Mwanangu, Kiswahili unakijua tangu utotoni, chuo kikuu unakwenda kusoma nini tena?" Swali hilo ni la haki, na tunaomba kulijibu.

Mgeni anayejifunza Kiswahili huuliza kwa nini tunasema "kitabu changu kimepotea" lakini hatusemi "kijana changu kimepotea", wakati maneno yote mawili yanaanza na ki-. Mwenye lugha ambaye hakuisomea atajibu, "Ndivyo tunavyosema." Jibu hilo ni la kweli, ila halimfundishi mtu. Mwalimu aliyesomea ataeleza kwamba kijana ni kiumbe mwenye uhai, na viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA hata kama jina linaanza na ki-. Ndiyo maana tunasema "kijana amepotea" na "kiboko amelala". Mwanafunzi akielewa hapo, amepata ufunguo wa mamia ya sentensi.

Vivyo hivyo kwa saa. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, kwa hiyo saa moja asubuhi kwetu ni 7 kwenye simu ya mgeni. Asipofundishwa mapema, siku akija Tanzania akaambiwa basi linaondoka saa kumi na mbili, atafika stendi mchana na basi lilishaondoka alfajiri. Kuyajua haya kwa mazoea ni jambo moja, na kuyaeleza kwa mtu asiyeyajua ni kazi nyingine inayosomewa.

Na hapa sisi watu wa kanda hii tuna mtaji ambao hatujauhesabu. Wengi wetu hatukuzaliwa na Kiswahili mdomoni. Nyumbani tulisema Kisukuma au Kisumbwa. Kiswahili tulikikuta sokoni, stendi na darasa la kwanza. Tulichekwa kwa kuchanganya "kura" na "kula". Kwa sababu hiyo tunakumbuka inavyokuwa kujifunza lugha hii, na tunajua mahali ambapo mwanafunzi atajikwaa kwa sababu nasi tulijikwaa hapo hapo. Tena Runzewe yetu ipo kwenye barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kwenda Rwanda na Burundi. Madereva wa malori kutoka nchi mbalimbali wanakula kwa mama ntilie wetu na kuelewana nao kwa Kiswahili. Mtoto wa Runzewe ameshasikia Kiswahili cha wageni kabla hajafika chuo.

Ndugu Mgeni Rasmi, lugha hii sasa inatafutwa. Mwaka 2018 Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kitaruhusiwa kufundishwa katika shule zake kama somo la hiari. Mwaka 2019 nchi za SADC zilikipitisha kuwa lugha rasmi ya jumuiya. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha ya kazi. Huko Marekani kinafundishwa katika vyuo vikuu kama Wisconsin-Madison, Indiana, Ohio na Yale. Kinafundishwa pia Leipzig nchini Ujerumani na Beijing nchini China. Kila darasa la namna hiyo linahitaji mwalimu. Hapa nyumbani BAKITA hutoa mafunzo kwa wanaotaka kufundisha Kiswahili kwa wageni, na huweka kumbukumbu za wataalamu wa lugha.

Njia ambayo wengi wetu tunaiandalia maombi ni mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, ujulikanao kwa kifupi kama FLTA. Kijana aliyechaguliwa hupelekwa katika chuo kimoja Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, yaani kama miezi tisa. Hufundisha au kusaidia kufundisha lugha yake kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki, na kila muhula naye huingia darasani kusoma angalau masomo mawili. Hapewi shahada. Anarudi na uzoefu wa kufundisha, Kiingereza kilichonyooka na mbinu za kisasa za ualimu. Mpango humlipia tiketi ya ndege, posho ya kujikimu ya kila mwezi na bima ya afya.

Wazazi wetu, tunajua hofu yenu. Mnasema mtoto akishapanda ndege atazamia huko, hatarudi. Mpango huu si wa kuhama. Masharti ya viza yake yanamtaka mhusika arudi akae nyumbani miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu Marekani.

Na kwenda mbali si jambo geni kwa watu wa kwetu. Wasumbwa walikuwa wafanyabiashara wa safari ndefu, na Msiri, mwana wa Kalasa, aliyetawala Katanga kutoka Bunkeya mpaka alipouawa mwaka 1891, alikuwa na asili ya huku kwetu. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walishuka mpaka Bagamoyo na kurudi na maneno ya pwani, na hivyo Kiswahili kikapanda kuja bara.

Kutoka upande huo huo wa Bagamoyo alikuwako mwalimu ambaye sisi wanafunzi wa lugha tunamkumbuka sana: Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903, na mpaka leo wasomi wa dunia nzima wanayatumia. Lakini alikwenda wakati nchi yetu ikiwa koloni, na darasa alilofundisha lilikuwa linawaandaa watu wa kuja kututawala. Mwaka 1905 alipotaka kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani, watawala walimkatalia kushuka Dar es Salaam. Alirudi Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Kijana wa leo anakwenda akiwa raia wa nchi huru, ana pasipoti yake na ana kwao pa kurudi. Tunachoomba ni aende akiwa pia na watu wa kwao nyuma yake.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa tunafika kwenye kiini cha risala yetu. Mpango unalipa baada ya kuchaguliwa. Kabla ya hapo hakuna anayelipa, na hapo ndipo vijana wa Runzewe tunapoishia.

Kikwazo cha kwanza ni vyeti. Wengi wetu tulizaliwa nyumbani, na cheti cha kuzaliwa tulikitafuta ukubwani. Jina kwenye cheti cha shule linakuwa hivi, kwenye kitambulisho cha Taifa linakuwa vile. Dada yetu mmoja, mzaliwa wa hapa hapa Runzewe, alikuwa na sifa zote. Cheti chake cha kidato cha nne kiliandika jina la baba yake kwa "r" na cheti cha kuzaliwa kikaliandika kwa "l". Herufi moja tu. Ikabidi atafute hati ya kiapo kwa wakili, asafiri kutoka ofisi hii kwenda ile, na kila safari ni nauli. Alipomaliza, muda wa maombi ulikuwa umepita. Sasa anafundisha kwa kujitolea na mwaka huu anaomba tena. Mpango huu huchukua vijana wa miaka 21 hadi 29, kwa hiyo hawezi kungoja miaka yote.

Kikwazo cha pili ni pasipoti. Ada yake ni shilingi 150,000, mbali na nauli na siku za kufuatilia. Kwa mzazi anayengoja mahindi yauzwe, au anayeshinda mgodini bila kujua kama leo atapata au atakosa, fedha hiyo haitoki kwa ajili ya safari ambayo haijathibitishwa.

Kikwazo cha tatu ni mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, TOEFL au IELTS. Ada yake ni kubwa kuliko ya pasipoti. Tena TOEFL hufanywa kwenye kompyuta: unasikiliza kwa spika za masikioni, unajibu kwa kuongea kwenye kinasa sauti na kuandika huku dakika zinahesabiwa. Mtu ambaye hajazoea kompyuta anaweza kushindwa hata kama Kiingereza anakijua. Mwenzetu aliyesoma mjini amefanya mazoezi hayo tangu sekondari. Sisi tunakutana nayo siku ya mtihani.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunaleta maombi manne.

La kwanza, tuanzishe mfuko wa maandalizi. Mfuko huo ulipie vyeti, pasipoti, ada ya mtihani na nauli za ufuatiliaji kwa vijana wa Runzewe wenye sifa za kuomba nafasi za kusoma na kufundisha nje. Tunapendekeza uwe mfuko wa kuzunguka: anayefanikiwa arejeshe ili mwingine atumie.

La pili, tuhakiki majina mapema. Kila mwanafunzi wa sekondari zetu awe na cheti cha kuzaliwa, na majina yake yalinganishwe herufi kwa herufi kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji wazazi, walimu na wenyeviti wa vitongoji wakae meza moja. Itawasaidia hata watakaoomba mkopo wa chuo au ajira.

La tatu, tupate kabati la vitabu na kompyuta chache zenye intaneti katika shule moja tutakayokubaliana. Tunaomba Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kamusi za Kiingereza, vitabu vya sarufi na spika za masikioni za kufanyia mazoezi ya kusikiliza.

La nne halina gharama kubwa. Mliopo Dar es Salaam, mtupokee. Kutoka Runzewe ni zaidi ya kilomita 1,000, na kijana anayekuja kwa mtihani au usaili hulala stendi, kisha asubuhi huingia kwenye chumba cha usaili akiwa na usingizi. Kitanda cha siku mbili na mtu wa kumwelekeza daladala ni msaada mkubwa.

Nasi hatukuja mikono mitupu. Tunaahidi mambo matatu. Kila atakayesaidiwa na mfuko na kupata nafasi atarejesha fedha hiyo kwa awamu kutoka kwenye posho yake, na kamati itasaini naye makubaliano kwa maandishi. Kila likizo ndefu tutaendesha madarasa ya Kiswahili na Kiingereza kwa wanafunzi wa sekondari zetu bila malipo. Haya tutayaanza likizo ijayo, mfuko uwepo au usiwepo. Na mwaka kesho tutasimama tena mbele yenu na stakabadhi mkononi, tueleze kila shilingi ilikwenda wapi, nani alifaulu na nani hakufaulu.

Hatuwaahidi kwamba kila atakayeomba atachaguliwa. Nafasi ni chache na zinagombewa na nchi nzima. Lakini asiyechaguliwa atabaki na pasipoti yake, cheti cha Kiingereza na majina yaliyonyooka, na kwa hivyo anaweza kujaribu Afrika Kusini, Rwanda, au mwaka unaofuata.

Ndugu Mgeni Rasmi, kanda yetu inajulikana kwa dhahabu. Tumeiona ikitoka ardhini, na ikishatoka hairudi kwenye shimo. Kiswahili ukimpa mtu mwingine bado unabaki nacho, na mwenye kukifundisha hurudi nyumbani anakijua zaidi. Dada yetu tuliyemtaja yupo hapa ukumbini leo. Maombi yake ya mwaka huu yanasubiri ada ya mtihani. Tunaomba harambee ianze naye.

 

Ni sisi wanafunzi wa lugha, wana wa Runzewe.