Mipaka ya Mzigo na Kengele za Tahadhari katika Mitandao ya Mitambo Yetu

(Maelezo yaliyotolewa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kisiba, Wilaya ya Rungwe)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona kuwa ni la mafundi peke yao, yaani namna ya kuweka mipaka ya mzigo wa habari, na kengele za tahadhari, katika swichi za mtandao wa mitambo. Nimekubali kwa sababu moja. Mtandao huo sasa unafika hadi kwenye mizani, na chochote kinachogusa mizani ni jambo la mwanachama.

Ninaposema swichi sina maana ya ile ya kuwashia taa. Nazungumzia kisanduku chenye matundu ya kuchomekea kebo, ambayo mafundi huyaita poti. Mizani ya kielektroniki, vipima joto, vidhibiti vya mota, kamera za ulinzi na kompyuta ya karani, vyote huchomekwa humo. Habari husafiri kwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kazi ya swichi ni ile ya karani wa posta: husoma anwani ya kila pakiti na kuipeleka kwenye poti inayohusika. Swichi ya kiwandani hutofautiana na ya ofisini kwa kuwa hutengenezwa istahimili joto, vumbi na mtikisiko, na aghalabu huweza kuungwa kwenye njia mbili za umeme, ili moja ikikatika nyingine ishike.

Kwa nini tujali

Ninyi nyote mwajua tabia ya jani la chai. Likishachumwa halingoji. Hapa wilayani petu palijengwa viwanda Katumba na Mwakaleli ili jani la mkulima mdogo lisisafiri mwendo mrefu kabla ya kusindikwa. Jani likifika kiwandani hunyaushwa kwa hewa ya feni kwa saa nyingi, kisha husagwa, huchachushwa na kukaushwa. Feni zikisimama usiku na asijue mtu, majani yaliyorundikwa hupata joto na kuwa mekundu, na asubuhi chai hiyo haina daraja. Hasara hiyo haimwangukii fundi. Inarudi kwa mchumaji katika malipo yake.

Kadhalika kituoni. Mizani iliyounganishwa na kompyuta ikikwama, karani hurudi kwenye karatasi. Si kosa kuandika kwa mkono, lakini kilo zilizoandikwa mara mbili, au zisizoandikwa kabisa, ndizo zinazozaa maneno katika mkutano mkuu. Mwanachama hatauliza habari za pakiti, atauliza, "Kilo zangu ziko wapi?"

Mtandao unavyozidiwa

Kuna pakiti zisizo na anwani ya mtu mmoja, ambazo ni tangazo kwa wote. Swichi hulinakili tangazo la namna hiyo na kulitoa katika kila poti nyingine. Matangazo machache ni ya kawaida na yana manufaa. Matata huanza pale mtu, kwa kutokujua, anapochukua kebo iliyokaa bure na kuchomeka ncha zake zote mbili katika swichi ile ile. Hicho huitwa kitanzi. Tangazo likiingia kitanzini huzunguka bila kikomo, kwa sababu pakiti za aina hii hazina hesabu ya kuzifanya zife baada ya hatua kadhaa, na kila mzunguko huzaa nakala nyingine. Poti ya megabiti 100 kwa sekunde yaweza kupitisha pakiti ndogo zipatazo 148,800 kila sekunde. Kidhibiti cha mota, ambacho hakikutengenezwa kusoma pakiti nyingi kiasi hicho, hushikwa na kazi ya kusoma matangazo kikaacha kazi yake ya kuendesha mota.

Msidhani hizi ni hofu za kubuni. Tarehe 19 Agosti, 2006, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Browns Ferry, jimbo la Alabama nchini Marekani, pampu mbili za kuzungusha maji katika mtambo namba 3 zilisimama, na wafanyakazi wakalazimika kuuzima mtambo kwa mkono. Uchunguzi ulionyesha kwamba vidhibiti vya pampu hizo viliacha kuitikia kwa sababu ya wingi wa pakiti katika mtandao wa ndani. Mtambo ulizimwa salama. Baadaye, miongoni mwa hatua zilizochukuliwa, viliwekwa vifaa vya kupunguza mzigo unaofika kwenye vidhibiti vya aina hiyo. Kama mahali penye ulinzi mkali namna ile palizidiwa, kituo chetu chenye karani mmoja na mlinzi mmoja hakiwezi kujidai kuwa salama.

Mipaka

Mipaka ni ya namna mbili, na yafaa kuitofautisha.

Namna ya kwanza ni mpaka wa matangazo. Swichi huambiwa: kwenye poti hii usikubali matangazo zaidi ya kiasi fulani kwa sekunde; yanayozidi yatupwe. Hapo tena huchaguliwa kama poti itupe ziada tu, au ifungwe kabisa. Ushauri wangu ni huu: poti za kamera na za kompyuta za ofisi zaweza kufungwa zikizidi, lakini poti ya mizani au ya kidhibiti cha feni itupe ziada tu, isifungwe. Tusije tukamzuia mwizi kwa kumfungia mwenye nyumba nje.

Namna ya pili ni mpaka wa mzigo wote wa poti. Tuseme ujumbe mmoja wa mizani una baiti 200. Kamera moja inayotuma megabiti 4 kwa sekunde hupitisha baiti 500,000 kila sekunde, yaani sawa na jumbe 2,500 za mizani. Kamera chache zikiachwa bila mpaka kwenye njia nyembamba, mizani itasubiri nyuma yake. Basi kamera iwekewe mpaka ulio juu kidogo ya mahitaji yake, na pale swichi inaporuhusu, pakiti za vidhibiti na za mizani zipewe nafasi ya mbele.

Mipaka hii isikisiwe. Kwanza pimeni. Swichi zinazoweza kupangwa huhesabu pakiti za kila poti. Fundi aandike hesabu hizo kwa muda wa wiki moja walau, na wiki hiyo iwe ya masika, wakati jani ni jingi na mitambo yote inafanya kazi. Kama kilele cha matangazo ni 40 kwa sekunde, kuweka mpaka wa 50 ni kujitafutia usumbufu, na kuweka 50,000 ni sawa na kutoweka kitu. Mpaka wa 200 ungeacha nafasi ya kupumua na bado ungezuia tufani. Huu ni mfano tu. Kila kituo kitumie hesabu zake.

Nisisitize pia kwamba mpaka haundoi kitanzi; unapunguza ukali wake. Dawa ya kitanzi ni kuwasha katika swichi ile itifaki ya kutambua na kuziba vitanzi, na kuzifunga poti zote zisizotumika.

Kengele

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Siri ya usemi huo ni kwamba mgambo haukulia kila siku. Nimewahi kukagua chama kimoja, ambacho sitakitaja, ambapo simu ilipokea tahadhari mamia kwa siku. Aliyeishika aliizima sauti. Tahadhari ya maana ilipokuja, ilikuta simu kimya mfukoni.

Kwa hiyo chagueni mambo machache. Kwa maoni yangu yanatosha haya: njia moja ya umeme kukatika, poti ya mizani au ya kidhibiti kupoteza mawasiliano, mpaka wa matangazo kuvukwa, joto la swichi kupita kiasi, na mtu kukosea neno la siri mara kadhaa. Penye mzigo unaopanda na kushuka, wekeni vipimo viwili: kwa mfano kengele ilie mzigo unapofika asilimia 60 ya uwezo wa poti, na isihesabiwe kuwa imekwisha mpaka mzigo ushuke chini ya asilimia 40. Bila hivyo mzigo unaocheza kwenye 60 utapiga kengele usiku kucha.

Tahadhari husafiri kwa njia kadhaa. Iliyo ya kawaida hutumia itifaki iitwayo SNMP, na humo mna aina mbili. Moja hutumwa mara moja bila kungoja jibu, kama barua ya kawaida. Nyingine hungoja kukiriwa na isipokiriwa hutumwa tena, kama barua ya rejista. Kwa mambo mazito tumieni ya rejista. Tena tumieni toleo la 3 la itifaki hiyo, ambalo hudai utambulisho na huweza kuficha yaliyomo.

Hata hivyo msitegemee intaneti peke yake. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na mawasiliano ya intaneti Tanzania na nchi jirani yakavurugika. Siku kama hiyo barua pepe ya tahadhari haifiki. Swichi nyingi za kiwandani zina rilei, yaani kigusano kinachoweza kupiga king'ora hapo hapo. Kigusano hicho kipangwe kishikwe na umeme wakati mambo ni salama, na kiachie penye hitilafu. Hivyo hata swichi yenyewe ikizimika, king'ora chenye betri yake kitalia na mlinzi atasikia.

Wajibu wa Kamati na wa Katibu

Fundi ataweka mipaka, lakini kuna maamuzi yasiyo yake.

Kwanza, Kamati iamue ni nani apokee tahadhari: fundi wa zamu kwanza, asipojibu baada ya dakika kadhaa, katibu, kisha mwenyekiti. Kupandisha tahadhari hatua kwa hatua ni kazi ya kompyuta inayopokea, si ya swichi, basi iulizwe kabla ya kununua. Mtumishi akiacha kazi, namba yake iondolewe siku hiyo hiyo.

Pili, neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza. Jipya liwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa, katika kasha la chama. Fundi akihama asihame na chama.

Tatu, baada ya kila badiliko fundi aamuru swichi ihifadhi mipango yake. Katika swichi nyingi mpango usiohifadhiwa hupotea umeme ukikatika, na sisi wa Rungwe, pamoja na mvua na radi zetu, twajua umeme hukatika. Nakala iwekwe pia ofisini, na saa ya swichi ioane na saa ya mizani, ili tukio la saa 8 usiku lisomwe kuwa la saa 8 katika vitabu vyote.

Nne, liwepo daftari la tahadhari lenye tarehe, saa, kilichotokea, aliyepokea na hatua iliyochukuliwa. Mkaguzi ajapo ataliomba pamoja na daftari la fedha.

Tano, mara moja kila mwezi kengele ijaribiwe mbele ya mjumbe wa Kamati. Kebo ya poti ya majaribio ichomolewe, nao wahesabu ni dakika ngapi zimepita kabla simu haijalia. Kengele isiyojaribiwa ni pambo la ukutani.

Ndugu Wanachama, yako maneno kwamba swichi isiyopangika ni rahisi kwa bei, na ya nini kutumia fedha za chama kwa kisanduku. Ni haki yenu kuuliza hivyo, na katibu hana budi kuwajibu kwa hesabu. Wekeni bei ya kisanduku upande mmoja, na upande wa pili thamani ya jani la usiku mmoja wa masika lililoharibika, na kilo za siku moja zenye ubishi. Kisha amueni wenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa chama hujengwa kwa makato ya mwanachama.