Tulinde na Mlango wa Kutokea



Twaogopa kiingiacho katika kompyuta ya nyumbani, tukasahau kwamba mara nyingi mtoto ndiye hutoka kukitafuta. Tangu mwaka 2001, kompyuta za Linux zaweza kutumia ukuta wa ulinzi uitwao iptables. Ukuta huo waweza kuzuia mawasiliano yatokayo katika akaunti ya mtoto peke yake, ya mzazi yakapita.

Lakini tuwe macho. Amri zake hulinda anwani za IPv4 tu. Za IPv6 zahitaji ip6tables. Zisipohifadhiwa, hupotea kompyuta ikizimwa. Na mtoto akilijua neno la siri la msimamizi, ukuta umebomoka.

Basi tuufunge mlango, wala tusiache kuzungumza na watoto wetu: simu ya jirani haina ukuta wetu.