Njia ya kutoka Bomani hadi Zahanati: Maradhi ya Akili, Matibabu Yake na Kuzuia Kujiua katika Kaunti ya Isiolo

Mada kwa semina ya machifu, walimu, viongozi wa dini na wahudumu wa afya ya jamii, Isiolo

1. Utangulizi

Wengine wenu mmetoka Merti, Sericho na Oldonyiro, na urefu wa safari hiyo ni sehemu ya mada yenyewe. Tiba ya maradhi ya akili ipo, na sheria iliyokuwa ikimtishia kifungo aliyejaribu kujiua imebatilishwa. Kigumu kilichobaki ni kumtoa mgonjwa bomani hadi afike kwa anayeweza kumtibu. Njia hiyo inaanzia kwenu, kwa sababu habari za nyumba huwafikia ninyi kabla ya daktari yeyote.

2. Maradhi yenyewe

Sonona inapita huzuni ya kawaida. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi bila raha, usingizi na hamu ya chakula vikavurugika, nguvu zikamwishia na akajiona hana thamani, apelekwe akapimwe. Wengi hawatasema wana huzuni. Watasema kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, mgongo hautulii, na watarudi zahanati mara kwa mara kuchukua dawa za maumivu. Mama aliyejifungua karibuni naye anaweza kuugua sonona, hata kama mtoto ni mzima.

Kiwewe humpata aliyeponea uvamizi wa wezi wa mifugo, ajali au ubakaji: huota ndoto za kutisha, hushtuka kwa mlio mdogo, hukwepa njia aliyokuwa akipita. Skizofrenia mara nyingi huanza ujanani, kijana akasikia sauti wasizozisikia wenzake na kuwashuku hata ndugu zake. Baipola humpandisha mtu katika uchangamfu uliopita kiasi, akakesha na kutapanya mali, kisha ikamshusha katika huzuni nzito. Kutafuna miraa kwa wingi na kukesha kunaweza kuzichochea dalili hizi kwa mtu aliye rahisi kuugua.

Chanzo hakiwi kimoja. Urithi wa ukoo, maumbile ya ubongo, maradhi ya mwili na misukosuko ya maisha huchangiana. Kwetu, msukosuko mkubwa ni ukame. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na katika kaunti kame za Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Wazee wetu wanakumbuka pia vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, watu walipokusanywa kambini na mifugo yao ikaangamia. Ng'ombe ni mahari, ni karo, ni heshima barazani. Aliyepoteza kundi ana msiba usio na matanga: hakuna anayekuja kuketi naye.

3. Matibabu

Tiba ni ya aina mbili, na mara nyingi huenda pamoja: mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, na dawa. Dawa za sonona kama fluoxetine kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya mgonjwa kuona nafuu, na wengi huziacha kabla ya hapo wakidhani hazifai. Aliyepona naye asiziache ghafla bila kumwuliza daktari. Kwa skizofrenia kuna vidonge, na kuna sindano ya kila mwezi ambayo humfaa mfugaji anayehamahama. Kumfunga mgonjwa kamba si tiba. Humwongezea majeraha na hofu. Dua na sala zina nafasi yake, na sheikh au mchungaji anayemwombea mgonjwa kisha akamhimiza ameze dawa amemsaidia mara mbili.

Uhaba wa wataalamu usitukatishe tamaa. Huko Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amefunza akina nyanya kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kutafuta nao suluhisho la tatizo moja moja. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba dalili za wagonjwa hao zilipungua sana. Sisi tuna wazee na kivuli cha mti; tunahitaji mafunzo.

4. Kuzuia kujiua

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 727,000 walijiua mwaka 2021. Ni sababu ya tatu ya vifo kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29. Tahadhari mtu anaposema yeye ni mzigo kwa wengine, anapogawa vitu vyake, anapoaga bila safari, au anapojitenga ghafla baada ya hasara au aibu.

Muulize waziwazi, kwa upole: "Umefikia kuwaza kujitoa uhai?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, humfungulia mlango. Akikubali, usimwache peke yake, na mfikishe hospitalini siku hiyo hiyo. Dawa za kuogeshea mifugo na za shambani zifungiwe mbali na nyumba ya kulala. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa za shambani zenye sumu kali, vifo vya kujiua vilishuka kwa takriban asilimia 70 katika miongo miwili.

Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimtishia aliyejaribu kujiua kifungo cha hadi miaka miwili, na familia zikaficha wagonjwa. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Machifu, litangazeni hilo barazani: aliyenusurika anapelekwa hospitalini, hapelekwi kituo cha polisi.

5. Mapendekezo

Kila mhudumu wa afya ya jamii aulize hali ya moyo anapotembelea boma. Kaunti ihakikishe dawa za akili hazikosekani Garbatulla na Merti, wala mgonjwa asilazimike kusafiri hadi mjini kwa kidonge. Walimu wawape wanafunzi nambari 116 ya watoto, na watu wazima wajue 1199 ya Msalaba Mwekundu, zote hazilipishwi.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu anamjua mtu aliyenyamaza tangu ukame. Nendeni mkaketi naye wiki hii, mkamwulize, na mkamsindikize zahanati.