Mswada Usiotiwa Sahihi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanachama)



Mzee mmoja wa chama hiki aliniuliza swali njiani, nami nikaona haifai kumjibu kwa maneno mawili kando ya barabara. Alisema, "Rais akikataa kutia sahihi, je, mswada umekufa?" Nimeombwa nijibu mbele yenu nyote.

Zamani za ukoloni jibu lilikuwa fupi. Baraza la Kutunga Sheria lilijadili, lakini pasipo idhini ya Gavana hapakuwa na sheria. Na hata aliyoikubali Gavana iliweza kufutwa kutoka London. Mwananchi hakuwa na siku za kuhesabu.

Leo, kwa Kifungu cha 115 cha Katiba ya 2010, Rais amepewa siku 14. Ndani yake hutia sahihi, au huurudisha mswada Bungeni pamoja na sababu zake. Akinyamaza mpaka siku zipite, mswada huhesabiwa kuwa umekubaliwa. Marekani Rais ana siku 10, Jumapili zikiachwa, na huko pia ukimya wake huufanya mswada kuwa sheria. Ila Kongresi ikiwa imefunga vikao hata hana pa kuurudisha, mswada hufa mfukoni mwake. Kwetu mfuko huo umeshonwa.

Mswada ukirudishwa je? Hapa nawaomba msikilize sana. Wabunge wakiyakubali maneno ya Rais yote, kura za kawaida zatosha. Wakitaka kushika yao wenyewe, yahitajiwa theluthi mbili: wabunge 233 katika 349, na ikiwa mswada unahusu kaunti, wajumbe wa kaunti 32 katika 47 kwenye Seneti pia.

Wazee wa Kendu Bay wanamjua Barack Obama, ambaye baba yake alizaliwa karibu na kwao. Katika miaka yake minane alikataa miswada 12, na mmoja tu ndio uliomshinda. Mwaka 2016 alikataa mswada wa kuwaruhusu jamaa za waliouawa mwaka 2001 kuishtaki serikali ya Saudi Arabia. Seneti ikapiga kura 97 kwa 1, na Baraza la Wawakilishi 348 kwa 77, ukawa sheria pasipo sahihi yake.

Kwetu mambo yalikwenda vingine mwaka 2018. Bunge lilikuwa limeahirisha kwa miaka miwili kodi ya asilimia 16 juu ya mafuta. Rais Uhuru Kenyatta akaurudisha mswada, akitaka asilimia 8. Mvuvi wa Mbita anunuaye petroli ya injini ya mashua alikuwa na haki ya kungoja kwa wasiwasi. Tarehe 20 Septemba kukawa na kelele nyingi Bungeni, lakini wapinzani hawakufikia 233, na kesho yake sheria ikatiwa sahihi. Basi maneno yaliyoandikwa Ikulu yalipita kwa urahisi kuliko maneno ya Bunge lenyewe. Rais wa Marekani hana uwezo huo. Yeye hukubali au hukataa. Mimi naona Katiba yetu, iliyo njema kwa mengi, hapa imempa mtu mmoja kalamu nzito mno.

Hata hivyo kalamu hiyo yaweza kutikiswa kutoka nje. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipitishwa tarehe 25 Juni, siku ambayo vijana walipigwa risasi karibu na Bunge wakaaga dunia. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi, akaurudisha akipendekeza vifungu vyote vifutwe.

Sasa nirudi nyumbani. Migori ina wadi 40, na Homa Bay vilevile 40. Kwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, Gavana naye ana siku 14 za kutia sahihi au kuurudisha mswada kwa sababu zilizoandikwa, na akikaa kimya unakubaliwa. Theluthi mbili ya Bunge la Kaunti yaweza kumshinda. Kisha lazima utangazwe katika Gazeti la Serikali. Kwa hiyo mkiambiwa kwamba mswada wa soko au wa maji "uko mezani kwa Gavana", nendeni kwa Karani wa Bunge la Kaunti, mkaulize Gavana aliupokea tarehe gani.