Wadi Kwanza: Grace Onyango na Siasa za Manispaa ya Kisumu



Wasifu wa Grace Onyango huandikwa kwa haraka ya kufika Nairobi. Tunaambiwa ndiye mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mbunge nchini Kenya, mwaka 1969, na wa kwanza kukalia kiti cha Spika. Mwaka 1975 alikuwemo katika kamati teule ya Bunge iliyochunguza mauaji ya mbunge J.M. Kariuki, kazi iliyohitaji moyo mkuu. Yote ni kweli. Lakini miaka yake katika baraza la mji wa Kisumu hupewa sentensi moja, na mimi nashikilia kwamba bila miaka hiyo hayo mengine yasingekuwapo.

Alizaliwa Sakwa, Bondo, mwaka 1924, akasomea ualimu, akafundisha. Kisha akawa diwani wa wadi ya Kaloleni. Meya Mathias Ondiek alipofariki mwaka 1965, mwalimu huyu akashika umeya, mwanamke wa kwanza nchini kufanya hivyo. Margaret Kenyatta alikuja kuwa meya wa Nairobi miaka mitano baadaye.

Umeya wa siku hizo ulikuwa kazi ya namna gani? Meya hakupigiwa kura na mji mzima. Alichaguliwa na madiwani wenzake, na shughuli za kila siku zilikuwa mikononi mwa karani wa mji na maofisa wake. Alivaa joho na mkufu, akaongoza vikao, lakini nguvu yake hasa ilikuwa kushawishi. Nyumba za baraza apewe nani, nani apate kibanda sokoni, bomba la maji lipite mtaa upi: mambo kama hayo ndiyo yaliyokuwa yakifika mezani. Kwa macho ya waandishi wengi wa historia yetu ni mambo madogo. Kwa mama anayeuza samaki, kibanda ndicho karo ya mtoto. Diwani anayeshughulikia kesi kama hiyo hukumbukwa kwa jina na kwa sura.

Tazameni sasa mwaka 1969. Julai, waziri Tom Mboya aliuawa. Oktoba 25, Rais Kenyatta alikuja hapa Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile tunayoiita Russia hadi leo. Yeye na Oginga Odinga, kiongozi wa chama cha upinzani cha KPU, wakarushiana maneno hadharani, ghasia zikazuka, walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa. KPU ikapigwa marufuku, Odinga akatiwa kizuizini. Wiki sita tu baadaye mji huu uliofiwa, wenye hasira na chama tawala cha KANU, uliitwa kupiga kura ambamo KANU ndicho chama pekee kilichobaki. Ukamchagua Grace Onyango. Wengine huona ajabu. Mimi sioni ajabu yoyote: chama hawakukiamini, lakini yeye walimjua, kwa kuwa walikuwa wamemwona kazini mlangoni pao. Walimrudisha mwaka 1974, wakamrudisha tena 1979.

Sasa nije kwetu. Tangu 2013 hatuna meya. Jiji lina bodi inayoteuliwa na meneja anayeajiriwa, na kaunti haijawahi kuwa na gavana mwanamke. Katika mabunge ya kaunti, kanuni kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili hutimizwa zaidi kwa viti vya uteuzi. Siidharau kanuni hiyo. Bila hiyo baadhi ya mabunge hayo yangekuwa ya wanaume karibu watupu. Lakini mwakilishi aliyeteuliwa hana wadi. Hakuna mtaa anaowajibika kwake, wala mfanyabiashara anayejua kwamba huyu ndiye wa kumwendea leseni inapokwama. Kipindi kikiisha, huingia uchaguzini kama mgeni, akishindana na mwanaume ambaye miaka mitano yote alikuwa akihudhuria mazishi na harambee za wadi hiyo. Vyama vinavyojiandaa kwa uchaguzi wa 2027 vinaweza kulibadili hilo kwenye mchujo, kwa kuwapa wanawake tiketi za wadi ambazo kweli vinatarajia kuzishinda.