Watu Wakipungua, Njia ya Reli Haifupiki

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Sisi watu wa reli twajua jambo moja: abiria wakipungua, njia haifupiki. Taruma bovu sharti libadilishwe, daraja sharti likaguliwe, na mtu wa stesheni ataka mshahara wake. Nauli ndizo zinazopungua.

Na tutazame Japani. Mji wa Yubari, katika kisiwa cha Hokkaido, ulikuwa mji wa makaa ya mawe. Mwaka 1960 ulikuwa na watu zaidi ya 100,000. Mgodi wa mwisho ukafungwa mwaka 1990. Vijana wakahama, wazee wakabaki. Leo watu hawafiki 10,000. Mwaka 2007 mji ulizidiwa na madeni ukatiwa chini ya usimamizi wa serikali. Mishahara ya wafanya kazi wa mji ikakatwa, shule zikaunganishwa, na mwaka 2019 reli ya kwenda Yubari ikafungwa.

Msiseme hayo ni ya mgodi tu. Watu wa Japani yote walifika milioni 128 mwaka 2008, na tangu hapo wanapungua, kwa kuwa watoto wanaozaliwa ni wachache. Watu wa umri wa kazi walianza kupungua mapema zaidi, miaka ya tisini. Wachache hao ndio wanaolipa kodi ya kuwatunza wazee walio wengi. Uchumi wao ukaenda polepole, lakini haukusimama: wanawake wengi waliingia kazini, wazee waliendelea na kazi, na mashine zilisaidia mikono michache.

Yatuhusu nini sisi? Mwaka 1978 mama wa Kenya alizaa watoto wanane kwa wastani. Mwaka 2022, watatu na kidogo. Bado twaongezeka, lakini sisi tukizeeka, kila mzee atakuwa na vijana wachache wa kumtegemeza kuliko baba zetu walivyokuwa nao.

Basi tudai mapema. Kwanza, akiba yetu ya uzeeni ipelekwe kila mwezi, wala isiguswe. Pili, vijana wetu wafundishwe ufundi. Tatu, mtu mmoja akipewa mashine ya kufanya kazi ya watu wawili, mshahara wake nao upande. Tukingoja mpaka nywele ziwe nyeupe, tutakuwa tumechelewa gari.

Umoja ni nguvu.